Wanaolala nje Mombasa: kile kicheko cha alfajiri ni furaha, au ni nini?

#1 Abiria_wa_Alfajiri
Salaam wadau.

Jumamosi iliyopita saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Mwembe Tayari nangoja basi la bara. Kwenye baraza ya maduka yaliyofungwa walikuwa wamelala watu saba hivi juu ya maboksi. Mmoja akaamka, akamvuta mwenzake mguu, akaanza kumsimulia jambo. Punde si punde wote wamekaa wanacheka, kile kicheko cha kushika mbavu. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa na kikopo cha chai ya rangi. Kikazunguka mkono kwa mkono, kikamrudia kimebaki funda moja, naye akalinywa kwa starehe kabisa.

Niliwafikiria mpaka Voi. Mimi nina nyumba ya kupanga Mishomoroni, mke, watoto wawili na mshahara unaochelewa lakini huja. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nyumbani kwangu tulicheka vile kabla jua halijatoka. Niliwahi kusoma kwamba watafiti walikwenda Kalkuta, India, wakawauliza wanaolala barabarani kuhusu maisha yao, wakawakuta wameridhika kuliko wenye pesa. Yawezekana? Sisemi ufukara ni mzuri. Nataka kujua nilichokiona ni kitu gani.

#2 MamaZuu
Wa alaikum salaam, mwanangu. Mimi huwapelekea uji wanaolala upande wa Makadara kila Jumatatu, huu mwaka wa nne. Wewe umeona saa moja katika saa ishirini na nne. Alfajiri ndiyo saa yao nzuri. Usiku umepita, hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeibiwa viatu, na wa kuwafukuza bado hajaamka. Njoo usiku wa manane mwezi wa tano, mvua ya masika inamwagika. Nilimkuta mama amesimama wima, mgongo ukutani, mtoto begani. Nikamuuliza, "Mwanangu, huketi?" Akasema, "Nikiketi nitalala, Bi, na nikilala mtoto ataingia majini." Alikuwa amesimama tangu saa tano. Huyo ndiye wa kuulizwa habari za furaha.

#3 Yakhe_wa_Kuze
Mleta uzi, kwanza nenda kamchekeshe mkeo, hilo lina dawa. Kuhusu swali lako: hao saba walikuwa *saba*. Ungemkuta mmoja peke yake asingecheka. Jibu langu ni hilo.

#4 Takwimu_Tudor
Tuweke sawa, #1 amechanganya mambo mawili.

Utafiti wa Kalkuta upo. Ni wa Robert Biswas-Diener na babake, Ed Diener, ulichapishwa 2001. Walihoji watu 83: wakaazi wa mabanda, wanawake wanaouza miili, na wanaolala barabarani. Hakuna mahali waliposema hawa wameridhika kuliko wenye pesa. Kwa kipimo cha 1 hadi 3, ambapo 2 ndiyo katikati, wastani wa kuridhika na maisha ulikuwa 1.93, yaani chini kidogo ya katikati. Kilichoshangaza ni kwamba haukuanguka zaidi ya hapo, na kwamba walipoulizwa kimoja kimoja, kama vile familia, marafiki na tabia zao wenyewe, walijibu upande wa kuridhika.

Wa pili ni wa 2006. Watu 186 wasio na makao walihojiwa Kalkuta, California, na kwenye kambi ya mahema Oregon. Huko wa Kalkuta ndio waliotoka upande wa kuridhika, na makundi yote mawili ya Marekani yakawa chini kidogo ya katikati. Kwa hiyo ni fukara kwa fukara, si fukara kwa tajiri. Penye tofauti kubwa kati ya makundi ni mahusiano yao na watu.

#5 Yakhe_wa_Kuze
Alaa! Kumbe nilijibu mtihani bila kufungua kitabu. Takwimu, shukrani.

#6 Zamani_Makadara
Mimi ni msomaji tu hapa, leo nitaandika.

Nililala nje miaka sita, tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Makadara, halafu Marikiti, halafu nyuma ya Posta. Sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma, Changamwe.

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya kipigo cha baba wa kambo. Usiku wa kwanza nje nililia. Usiku wa pili nililala usingizi ambao sikuwa nimeuonja mwaka mzima, maana hapakuwa na mtu wa kunivuta kitandani. Ukiniuliza kama mwezi ule wa kwanza nilikuwa na furaha, nitasema nilikuwa nayo, na asitokee mtu kuniambia ilikuwa ya uongo. Tukiogelea Mama Ngina mpaka jua linazama. Tulikuwa na mkubwa wetu, tulimwita Ami. Chakula kikipatikana aligawa yeye, na yeye alichukua mwisho. Ukiugua, hukuachwa peke yako, mmoja alibaki nawe hata kama siku hiyo asingepata kitu.

Mwaka wa pili nikaanza gundi. Watu hudhani gundi ni ya starehe. Gundi ni ya njaa na baridi, ukivuta tumbo linanyamaza. Ukitupitia saa ile utaona watoto wanatabasamu, utaenda zako ukisema wana furaha. Nusu ya vicheko vyetu vilikuwa hivyo. Nusu nyingine vilikuwa vyetu kweli. Kipi ni kipi, hata mimi mwenyewe sikuweza kutenganisha.

Kilichoniumiza kuliko njaa ni lori. Wakitarajiwa wageni wakubwa mjini, tulizolewa usiku tukashushwa mbali, njia ya bara, tujirudie kwa miguu. Kundi hutawanyika pale. Safari moja tulirudi wanne, na Ami hakuwa mmoja wetu. Hatukumwona tena mpaka leo. Nilikaa muda mrefu sana bila kucheka, na chakula kilikuwa kile kile, na katoni zile zile.

#7 MamaZuu
Zamani, pole mwanangu. Nimesoma mara mbili.

#8 Maalim_Mkomani
Mola akulipe kwa kutueleza, ndugu. Mimi naona wengine wao wana kinaa ambayo sisi tumeikosa. Msikitini kwetu wapo wanaolala nje na alfajiri wako safu ya mbele, wametawadha kabla ya mwadhini kumaliza. Kwenye safu ni bega kwa bega, nani ana nyumba na nani hana hakuna anayeuliza. Na Ramadhani tunafuturu mkeka mmoja, tende na uji kutoka sinia moja. Naamini mtu akipata pahali pa kuhesabiwa kuwa mtu mara tano kwa siku, moyo wake hutulia hata tumbo likiwa tupu.

#9 Nesi_Mstaafu
Maalim, kwa heshima zote. Kinaa ni ya mtu aliyeweza kuchagua. Ambaye hakupewa cha kukataa tusimwite mwenye kinaa.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Watu hawa hawaji kusema "nina huzuni". Wanasema kichwa chauma, moyo waenda mbio, mwili umechoka. Ukichimba utakuta usingizi: analala kwa vipande, nusu saa hapa, dakika ishirini kule, jicho moja kwenye mfuko wake. Mtu akiishi hivyo miezi, machozi na hasira vinakaa karibu sana na ngozi. Kabla hamjampima furaha, muulizeni jana alilala saa ngapi.

Jingine: waliozidiwa na huzuni hukuwakuta pale Mwembe Tayari. Wamejitenga peke yao pembeni, au wamelazwa, au wamekufa. Uliwaona waliobakia na nguvu za kucheka.

Na ule mkeka wa futari, Maalim, Shawwal ikiandama unakunjwa.

#10 Maalim_Mkomani
Hapo kwenye mkeka umenipata, dada. Sina jibu. Nitalifikisha kwa wenzangu wa kamati.

#11 Mpwani_Vancouver
Salamu kutoka kwenye mvua ya huku. Mwaka wa tisa huu niko Vancouver, na hujitolea jikoni karibu na mtaa wa Hastings, ambako wasio na makao ni wengi.

Hapa wanapata supu ya moto, blanketi na soksi. Lakini wanakula macho kwenye sahani. Mzee mmoja aliniambia wiki nzima ile mimi ndiye mtu wa kwanza kumwita kwa jina. Mwembe Tayari hakuna supu, lakini jina lako litaitwa mara hamsini kwa siku, hata kama ni la utani. Nikisoma alichoandika Takwimu kuhusu California naona sura za watu ninaowafahamu.

Lakini siamini ni kundi tu. Huku aliye nje hutazamwa kama mtu aliyeshindwa pale ambapo wengine wote waliweza. Kwetu wenye shida ni wengi, aibu inagawanyika, haimwangukii mmoja. Mnaonaje?

Kitu kimoja: hapa lilifanyika jaribio, watu 50 wasio na makao wakapewa dola 7,500 za Kanada kila mmoja, kwa mkupuo, bila masharti. Matokeo yalichapishwa 2023. Katika mwaka mzima walilala nje siku chache kuliko wasiopewa, na matumizi ya pombe na dawa za kulevya hayakuongezeka, ingawa ndilo jambo ambalo watu wengi waliliogopa.

#12 Mkokoteni_Kongowea
Dola 7,500! Wapeni shilingi 7,500 kwanza.

Mimi hununua vyuma na chupa kutoka kwao, kwa hiyo nawajua kwa mizani. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu, mpaka mwezi wa tano ndipo ikafunguliwa. Miezi ile nilijifunza. Waliokuwa wakija na magunia yao wakicheka, huyu ambebea yule, walianza kugombania chupa za plastiki. Wawili waliokuwa wakilala shuka moja walichanana na kipande cha chupa mbele ya macho yangu. Mnasifu urafiki wao, na ni kweli upo, lakini urafiki nao huliwa na njaa. Mimi naweka riziki mbele. Kundi litafuata.

#13 Zamani_Makadara
Mkokoteni, Ami aligawa hata siku ya andazi moja. Sisi tulikuwa watoto, labda ndiyo tofauti. Watu wazima sikuwajua sana, tuliwaogopa.

#14 Yakhe_wa_Kuze
Mimi naona tunabebesha neno moja mizigo minne. Furaha ni ya tukio: mtoto amezaliwa, timu imefunga. Raha ni ya mwili: umekula, umeoga, upepo wa kusi wakupuliza. Kuridhika ni kupiga hesabu ya maisha yako ukaona si haba. Utulivu ni kutoiogopa kesho. Wale saba wa mleta uzi walikuwa na furaha, macho yake hayakumdanganya. Raha hawana. Utulivu hawana, MamaZuu ameeleza. Kuridhika, nani ajuaye? Hao watafiti waliuliza lipi kati ya haya manne, na kwa Kibengali linaitwaje?

Na humu tuache kuwaita machokoraa (naona wawili wamefuta maneno yao, vyema). Neno latokana na kuchokora, kupekua-pekua. Mtu hapewi jina kwa alilofanya siku ya njaa.

#15 Takwimu_Tudor
Yakhe, swali zuri. Waliuliza kuridhika na maisha, na ule utafiti wa 2006 uliuliza pia hisia nzuri na mbaya wanazozipata.

Kuna aliyeonya kuhusu vipimo vya aina hii, naye ni Mbengali: Amartya Sen, mwanauchumi aliyepata Nobel 1998. Hoja yake ni kwamba aliyenyimwa muda mrefu huyakata matamanio yake yalingane na kidogo alicho nacho, asivunjike moyo kila kukicha. Ukimuuliza kama ameridhika, atakujibu ndiyo. Ukiichukua hiyo ndiyo kama ilivyo, umemdhulumu mara ya pili. Kwa hiyo Sen angetaka tutazame mtu anaweza kufanya nini na kuwa nani, zaidi ya kumuuliza anajisikiaje.

#16 Zamani_Makadara
Huyo Sen nimemwelewa, lakini nusu. Matamanio yangu hayakukatwa, yalihamia vitu vidogo. Nilitamani katoni kavu kama wewe unavyotamani gari, na nikiipata nilifurahi kama utakavyofurahi wewe. Na miaka yote sita sikuacha kutamani mlango unaofungwa kwa ndani. Hilo halikupungua hata siku moja.

#17 Yakhe_wa_Kuze
Na ulipoupata huo mlango?

#18 Zamani_Makadara
Fundi aliyenifundisha kazi ndiye aliyenilipia chumba cha kwanza. Wiki ya kwanza nililala sakafuni, karibu na mlango, taa inawaka. Wiki ya pili nilitoka usiku mara tatu nikarudi Posta, nikakaa tu pale nisikie watu wakikoroma. Chumba kilikuwa kimya mno. Nilihisi kama nimewakimbia. Ilichukua karibu mwaka mzima kitanda kiwe changu.

#19 Mvita_Halisi
Wadau, ni wangapi hasa hapa Mombasa? Nasikia elfu ishirini.

#20 Takwimu_Tudor
Hapana. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 nchi nzima. Nairobi 15,337, Mombasa 7,529. Hiyo ni hesabu ya wakati ule.

#21 Mvita_Halisi
Ahsante. 7,529 kwa kisiwa na viunga vyake si watu wachache. Na Sheria ya Uzururaji ilifutwa 1997, halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Sasa lile lori la Zamani lilikuwa linatekeleza nini?

#22 DadaLikoni
Nimesoma yote kimya. Niandike langu.

Kaka yangu mkubwa yuko nje mwaka wa saba. Ni unga, yaani heroini. Mama humwekea sahani kila Ijumaa, na Ijumaa nyingi huja. Akija ndiye mchekeshaji wa nyumba, awaigiza majirani, watoto wangu wanagaragara chini. Akiondoka mama huingia chumbani akajifungia.

Siku moja nilimfuata kwa mbali mpaka kivukoni. Alipojua hatumwoni tena, alikaa ukingoni, akavua shati akajifunika kichwa. Feri nne zilikuja zikaenda hajajitikisa. Mimi nimesimama nyuma ya kibanda cha viazi karai, siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi. Sasa nawauliza: yule wa kwetu na yule wa kivukoni, watafiti wamhoji yupi?

Mwezi wa tatu huu anakwenda kliniki ya Kisauni kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga. Anakula vizuri, usiku analala kwetu mara mbili au tatu kwa wiki. Lakini hachekeshi tena. Anakaa kimya. Watoto wananiuliza, "Mjomba amekasirika?" Na mimi nimejikuta, Mungu anisamehe, nautamani ule utani wake.

#23 Nesi_Mstaafu
DadaLikoni, usijilaumu. Unga ulikuwa umezizima hisia zake, na zikirudi hazichagui, huzuni ya miaka saba nayo inarudi. Kimya chake kisiwafanye mkate tamaa. Sahani ya Ijumaa iendelee, na msimlazimishe kuwa mchangamfu. Akitamka maneno ya kutaka kufa msimwache peke yake, na siku hiyo hiyo semeni na wahudumu wa kliniki.

#24 DadaLikoni
Ahsante, mama.

#25 Mkokoteni_Kongowea
Dada, nimerudi kusoma nilichoandika #12. Bado naamini riziki, lakini huyu kaka sahani alikuwa nayo kila Ijumaa. Sijui niseme nini.

#26 Yakhe_wa_Kuze
MamaZuu, wakati wa kafyu ya 2020 ilikuwaje? Mji mzima uliambiwa kaa nyumbani, na wao nyumbani ni wapi?

#27 MamaZuu
Kafyu ilianza mwisho wa mwezi wa tatu, jioni mpaka alfajiri. Wakati huo sikuwa napeleka uji kila Jumatatu kama sasa, nilipita tu nikiwa na kitu. Mabaki ya hoteli hakuna, abiria wa kuombwa hakuna. Wengine walijificha wasishikwe kwa kosa la kuwa nje. Nakumbuka nilimpa kijana mmoja mkate, akauweka kando, akasema, "Bi, kaa kidogo." Nikakaa juu ya ndoo yangu. Hakuniomba kitu. Alinisimulia kwao Kilifi, mnazi ulioanguka juu ya banda la mbuzi, mambo hayo tu. Mkate alikuja kuula baadaye kabisa. Kutoka hapo ndipo nilipoanza hizi Jumatatu.

Kwa hiyo Yakhe usijisifu sana na "saba" yako, lakini hukukosea.

#28 Mpwani_Vancouver
Uzi huu umenifanya nimpigie ndugu yangu simu, hatujazungumza mwaka mzima. Nashukuru wadau.

#29 Abiria_wa_Alfajiri
Nimerudi wadau, nilikuwa safarini.

Jana alfajiri nilipita tena Mwembe Tayari, nikanunua chai vikombe saba na mahamri. Nikawakuta wanne. Yule mwanamke yupo. Nikamwamkia, nikamuuliza siku ile walikuwa wakicheka nini. Alifikiri kidogo, akakumbuka. Kuna mwenzao aliyekuwa manamba zamani, mwita abiria wa mabasi, huota usiku. Siku ile aliota mpaka akasimama na usingizi wake, akaanza kuita, "Nairobi moja! Nairobi moja imebaki!", akamshika mlinzi wa duka mkono ampakie kwenye basi. Akinisimulia alianza kucheka upya, nami nikacheka naye mpaka chai ikamwagika.

Nikauliza wale watatu wako wapi. Akasema mvua ya Jumanne iliwatoa pale, mmoja ana homa, wawili hajui. Manamba mwenyewe ndiye mwenye homa. Halafu akaniuliza kama vile vikombe vitatu vilivyobaki naweza kumwachia, akampelekee.

Nesi, nilimuuliza pia alilala saa ngapi. Alinitazama kama nimemuuliza bei ya ndege.

#30 Nesi_Mstaafu
Homa ni ya siku ngapi? Asingoje, apimwe malaria mapema, asipewe vidonge vya dukani tu. Nielekeze pahali, nitapita kesho asubuhi.

#31 Abiria_wa_Alfajiri
Nimekutumia ujumbe wa faragha.

#32 Mkokoteni_Kongowea
MamaZuu, ile sufuria ya uji unaibeba na nini? Jumatatu mkokoteni wangu hauna mzigo mpaka saa mbili.

#33 MamaZuu
Naibeba na mjukuu wangu, tunapumzika mara tatu njiani. Njoo saa kumi na moja unusu, mwanangu. Maalim, na wewe uje, uje na mkeka.

#34 Maalim_Mkomani
Inshallah, nikitoka kuswali.

#35 Zamani_Makadara
Na mimi nitakuja. Sijakanyaga pale alfajiri tangu 2009. MamaZuu, vile vikombe laini vya plastiki huchoma vidole uji ukiwa moto, mtu humwaga nusu. Nina vya bati ishirini na nne hapa karakana, nitavioshea kwangu nije navyo.